Kasuku Aliyefungishwa Kwaresima

Tafida Girgis aliishi maisha yake yote kwa kutafuta matundu. Mumewe, Wadii, alikuwa fundi wa kuziba suti zilizoliwa na nondo au kuunguzwa na sigara. Alichomoa uzi kwenye upindo wa nguo ileile, akaufuma mahali palipotoboka, mpaka mwenye suti akabaki kujiuliza tundu lilikuwa wapi. Kazi hiyo alimfundisha mkewe mwaka wa kwanza wa ndoa, na haikuchukua muda mwanafunzi akampita mwalimu. Wadii mwenyewe alikiri. Akipokea suti dukani, aliileta nyumbani, akaikunjua penye mwanga wa roshani na kusema, "Haya, Tafida, niambie mgonjwa anaumwa wapi." Mkewe aliona kasoro tatu pale mteja alipoona moja.

Jicho hilo halikuishia kwenye nguo. Pale mtaani Shubra, kwenye jengo lao na kanisani kwao, watu walilijua na kuliogopa. Tafida aliona nani kashika foleni ya komunyo na jana yake alinunua jibini, nani anasema amefunga huku mdomo unanukia samli. Hakuwa mtu mbaya, tusimsingizie. Alikuwa mwanamke wa kufunga, tena wa kufunga kwelikweli: Kwaresima yote haonji kitu, hata maji, mpaka saa tisa alasiri, na hiyo saa tisa yenyewe anakula dengu na mboga za majani. Lakini anayefunga hivyo, macho yake huwa hayatulii. Yanazunguka kwenye sahani za wenzake.

Wadii alikuwa amekufa miaka mingi. Watoto hawakujaliwa. Macho ya kazi nayo yalikuwa yamechoka, na suti za watu hazikuja tena. Tafida alibaki na chumba cha kulala, sebule, roshani, na kile kioo cha kukuzia cha marehemu, ambacho sasa alikitumia kusomea Zaburi.

Kasuku aliletwa wiki ya sikukuu ya Ubatizo, siku ambazo ngazi zote za jengo hunuka magimbi ya kuchemsha. Bwana mmoja mpweke wa ghorofa ya nne alikuwa amekimbizwa hospitali, na huko hakurudi. Hakuna aliyekumbuka kwamba alikuwa na ndege, mpaka Mahrus, bawabu wa jengo, alipofungua nyumba ili afunge maji. Alishuka na tundu la ndege lililofunikwa gunia, akabisha kwa Tafida.

"Sitti Tafida, nimekuletea maiti anayepumua."

"Ushindwe, Mahrus. Asubuhi yote hii?"

Akafunua gunia. Kichwa kilikuwa cha kasuku, kijivu, safi, kwa kuwa ndege hawezi kujidonoa kichwa. Kuanzia shingoni kwenda chini hakukuwa na kitu: ngozi nyekundu yenye vipele, kifua kimechongoka, na mkiani manyoya mawili mekundu yaliyosahauliwa. Chini ya tundu palijaa maganda ya alizeti na manyoya aliyojing'oa mwenyewe.

"Mpeleke kwa nduguze marehemu," Tafida alisema, lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kusogeza meza.

"Nduguze wako Kanada. Wamesema kwenye simu nifanye ninavyojua. Na mimi, Sitti, kwa ndege ninachojua ni kuchinja."

"Mweke hapo."

Mahrus akamweka. Tafida akavaa miwani, akainama, akamkagua kama alivyokagua makoti ya watu. Ndege naye akamgeuzia jicho moja, jicho la njano lisilo na imani na mtu. Tafida akasema taratibu, "Tundu kubwa kama hili sijawahi kuletewa." Akampa jina la Efendi, jina la mabwana wa zamani wa suti na tarbushi, ingawa suti yenyewe ndiyo iliyokosekana.

Nyuma ya kituo cha metro palikuwa na zahanati ya wanyama. Daktari Ghada, binti mwenye hijabu na mikono iliyojaa mikwaruzo ya paka, alimpima Efendi, akapapasa kifua chake, akatikisa kichwa.

"Huyu amelishwa alizeti maisha yake yote, mama. Ni mafuta matupu. Manyoya hayajengwi kwa mafuta." Akamweleza kinachojenga: kipande cha yai la kuchemsha, dengu zilizopikwa bila chumvi, viazi vitamu, karoti, hoho nyekundu, majani ya jirjiri. Chai marufuku, chumvi marufuku, na mbegu ziwe za kuonja tu. Anyunyiziwe maji, aote jua la asubuhi roshanini. "Lakini la kushika kuliko yote, apate chakula asubuhi, akiamka tu. Na usimwekee ukaondoka. Hawa huko kwao msituni wanakula kwa kundi. Wengine wasipomwona mwenzao anatafuna, hawagusi."

"Kwa hiyo nimtafunie?"

"Tafuna naye. Yeye atajitafunia."

Mwanzoni Efendi alitupa kila kitu nje ya tundu. Karoti ilikwenda ukutani, viazi vikaanguka kwenye zulia. Tafida akakumbuka aliyoambiwa. Akavuta kiti, akachemsha yai, akalikata, akala nusu yake mbele ya ndege, polepole, akijisikia mpumbavu. Efendi akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Kisha akashuka kwenye fimbo yake, akachukua kipande kwa mguu na kukionja kwa ulimi ule mweusi. Tafida alicheka peke yake, na sauti ya kicheko chake mwenyewe ikamshtua, maana haikuwa imesikika ndani ya nyumba ile kwa muda mrefu.

Tangu hapo wakawa wanakula pamoja kila asubuhi. Baada ya wiki chache vijiti vidogo vya bluu vikaanza kuchomoza kifuani, vimefungwa kama sindano ndani ya karatasi. Tafida aliviangalia kwa kioo cha Wadii. Karatasi ikapasuka, na ndani yake kukatoka unyoya mdogo wa kijivu, laini, usio na doa. Alimwita Mahrus apande ngazi zote aje aone. Mahrus akatazama, akasema, "Mashallah, Efendi amepata fulana. Bado suruali." Tafida akampa chungwa. Alikuwa na furaha, tusifiche, furaha ya mtu aliyepata tena kazi.

Kisha Kwaresima ikaingia.

Jumapili ya mwisho kabla ya mfungo, Tafida aliondoa jikoni mayai, jibini na samli, kama alivyofanya miaka yote. Jirani yake wa mlango wa pili, Ifon, mjane mwenzake ambaye walishindana utakatifu kwa upendo, alikuja kuchukua mayai yaliyobaki ampelekee mjukuu. Akasimama mbele ya tundu.

"Na huyu bwana? Ndiyo atakula yai mbele yako Kwaresima nzima, wewe unammezea mate?"

"Nani ammezee mate?"

"Nauliza tu, mpenzi. Naona yeye ndiye anayeamua saa ya kula humu ndani."

"Katika nyumba hii," Tafida akajibu, "hakuna anayekula kabla ya saa tisa."

Aliyasema kwa hasira bila kufikiri. Lakini yakishatoka mdomoni mwa Tafida, maneno yaligeuka sheria, na mtu wa kwanza kufungwa na sheria hiyo alikuwa yeye mwenyewe. Usiku ule akayapatia na sababu nzuri. Alipopiga magoti aliahidi kwamba mfungo wa mwaka huu anautoa kwa ajili ya manyoya ya Efendi; na kama Mungu anasikia mfungo wa mtu mmoja, atasikia zaidi wa wawili. Yai lingerudi baada ya Pasaka. Dengu si zipo? Majani si yapo?

Siku za kwanza Efendi aligonga bakuli lake tangu alfajiri. Ko, ko, ko, akimtazama. Tafida alimwambia, "Subiri saa tisa, mwanangu, wote tunasubiri," akaenda kusomea Zaburi chumbani, mlango amefunga. Saa tisa ilipogonga alimjazia bakuli mpaka likamwagika, naye Efendi akala kwa pupa. Wiki ya pili kugonga kukapungua. Wiki ya tatu akaacha kabisa. Alikaa kwenye fimbo yake, amejikunyata, macho kayafumba nusu, mpaka saa ifike.

Ifon ndiye aliyepeleka habari kanisani. Baada ya misa aliwaleta wanawake wanne, wakajaa sebuleni.

"Njoni mumwone kasuku mtawa. Hagusi kitu!"

"Bwana asifiwe," alisema mmoja. "Na wanangu mimi wananitoroka kwenda kula soseji."

"Msishangae," Ifon akasema. "Nyumba hii ni ya wafungaji. Marehemu Wadii si alikufa amefunga? Alikwenda mbinguni tumbo tupu."

Tafida aliinamisha kichwa, akalipokea neno hilo kama alivyolipokea miaka yote, kwa unyenyekevu uliokuwa na kiburi kidogo ndani yake.

Ukweli wa jambo lile aliujua yeye na Wadii tu. Wadii alikuwa na kisukari. Mwaka mmoja, Kwaresima ilipokaribia, padri alimpa ruhusa ya kula asubuhi, akamwambia ni amri ya daktari na pia ni amri yake. Wadii akarudi nyumbani na habari hiyo, akaitoa kwa woga, kofia mkononi. Tafida hakumkataza. Angemkataza vipi? Alisema tu, "Kula, bwana, nani kakushika mkono? Nitakuandalia." Akamwandalia kweli: mkate, jibini, yai, sahani moja kwenye meza ya watu wawili. Halafu yeye akasimama kwenye sinki, kamgeuzia mgongo, anaosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu. Wadii alikula hivyo asubuhi mbili. Ya tatu akaisogeza sahani. "Hakishuki, Tafida," alisema. "Nikila peke yangu hakishuki." Akafunga naye mwaka ule na miaka iliyofuata, hakulalamika, hakuomba, mpaka Kwaresima moja akaanguka dukani na sindano ya kushonea mkononi.

Wanawake wakaondoka. Tafida akaosha vikombe vya chai ya yansuni, na saa tisa akamlisha Efendi.

Manyoya hayakukoma kuota, na hapo ndipo Tafida alipodanganyika. Ya mbawa yakaja, marefu, ya kijivu, yakajipanga. Kwa mbali Efendi alianza kufanana na kasuku. Tafida alishukuru kwa machozi, akaamini mfungo umepokelewa. Hakuchukua kioo. Labda mtu akishapokelewa haoni haja ya kukagua.

Alhamisi Kuu upepo wa hamsini, ule wa jangwani, ulivuma tangu asubuhi, vumbi la njano likafunika roshani zote. Dirisha likapigwa kishindo. Efendi akashtuka, akatandaza mbawa ndani ya tundu, na Tafida akasikia mlio mdogo, kama kijiti cha kiberiti kinachovunjika. Kisha akaona damu. Ilitoka kwenye unyoya wenyewe, tone juu ya tone, ikaloanisha ubavu, ikadondokea karatasi ya chini. Tafida aliita, "Mahrus! Mahrus!" akachota unga jikoni na kuukandamiza pale panapotoka damu, ndege akimng'ata vidole naye hasikii maumivu. Mahrus akafika anahema. Wakamfunga kwenye taulo wakakimbia naye zahanati, mwanamke mzee mwenye nguo zilizojaa unga na damu, na bawabu aliyekuwa akiwasukuma watu njiani.

Daktari Ghada aliuzuia ule mvujo, akautoa unyoya uliovunjika, akauinua kwenye taa ili auonyeshe. Hakuhitaji kusema kitu. Tafida alikuwa ameshauona.

Ulikuwa na mistari. Mistari myembamba, myeupe, iliyokata unyoya kwa upana, mmoja baada ya mwingine tangu ncha hadi shina. Pale penye mstari hapakuwa na kitu kilichofumwa, nafasi tupu tu. Ni kasoro ambayo Tafida angeitambua akiwa amefumba macho nusu: kitambaa ambacho fundi alikosa uzi, akaendelea kufuma hivyohivyo. Ulikuwa umevunjika kwenye mmojawapo wa mistari hiyo.

"Hii ni njaa, mama," Ghada alisema. "Unyoya unakua kila siku. Mwili ukikosa, siku hiyo inabaki pengo, na pengo halizibiki tena. Anakula saa ngapi?"

Mahrus alitazama viatu vyake.

"Saa tisa," Tafida akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

Ghada alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama yangu, hata sisi tunafunga. Lakini mtoto hafungi, mgonjwa hafungi. Na huyu hakuna aliyemweleza kitu." Akainua bawa, akaonyesha chini yake ngozi iliyokuwa tupu upya. "Ameshaanza kujinyonyoa tena. Damu yake yote haijazi kikombe cha kahawa, na nyingine imeshamwagika leo. Kesho asubuhi lazima ale. Sikufichi, asipokula sijui kama atafika Pasaka."

Jioni ile Tafida alishusha kikapu kwa kamba kutoka roshanini.

"Mayai, Mahrus."

Mahrus alitazama juu. "Mayai, Sitti? Au Pasaka imeletwa mbele bila sisi kuambiwa?" Aliusubiri ulimi wa Tafida umrarue. Haukumrarua, naye akajuta utani wake. "Mangapi?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Niletee tu."

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, siku ambayo hata walevi wa Shubra hufunga, Tafida aliweka sufuria jikoni na kuchemsha yai. Alilimenya, akalikata, akaweka kipande kwenye bakuli pamoja na kiazi kitamu. Kutoka kanisani mwisho wa mtaa nyimbo za maziko zilikuwa zimeanza.

"Kula, Efendi. Kula, mwanangu."

Efendi alilitazama bakuli. Akamtazama yeye. Hakusogea. Alikuwa amejikunyata kwenye fimbo yake, bawa moja limefungwa bendeji, macho nusu, akisubiri saa yake ifike. Tafida akasogeza kipande kwa kidole mpaka mdomoni. Ndege akageuza kichwa pembeni, taratibu, kwa adabu, kama mtu anayekataa kitu kwa sababu wenye nyumba hawajakaa mezani.

Adabu hiyo Tafida aliijua. Alikuwa ameiona kwenye meza hii hii, kwa mtu aliyesogeza sahani asilaumu. Miaka yote hiyo alikuwa akitafuta matundu kwenye makoti ya watu asiowajua, na mume wake alikuwa akitoboka mbele yake, siku kwa siku, wala yeye hakuona, kwa kuwa ngozi ya mtu haiandiki mistari. Sasa aliona. Wadii hakuhitaji ruhusa ya padri. Alihitaji mtu wa kula naye.

Kisha akavuta kiti, akakaa mbele ya tundu, akachukua ile nusu ya yai iliyobaki, akaiuma.

Ilikuwa chungu, au ilikuwa tamu, hakujua. Alitafuna. Efendi akafumbua macho. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule. Tafida akameza, akauma tena. Ndege akapiga hatua moja kwenye fimbo, kisha nyingine, akashuka, akanyoosha mguu na kuchukua kipande. Akakishika hewani, hakukila bado, anamtazama mdomo.

Mlango ukasukumwa. Ifon aliingia bila kubisha, kama kawaida yake, amevaa nyeusi tupu, kitabu cha sala kwapani.

"Tafida, twende, wenzetu wamesha—"

Aliona maganda mezani. Aliona kiini cha yai kwenye vidole vya jirani yake.

"Leo?" Ifon alisema. "Leo, Tafida?"

Efendi alisita, kipande kikiwa bado mguuni. Tafida hakuficha mkono. Machozi yalikuwa yakimteremka mpaka kidevuni, naye hakuyafuta. Alimgeukia ndege, akatia kipande kilichobaki mdomoni, akaendelea kutafuna polepole ili amwone vizuri, mpaka alipomsikia naye anatafuna.